Damu ya Siku Nzuri

Kwa muda wa miaka mitatu kasoro miezi michache niliamini kwamba dada yangu anazidisha. Sikuwahi kusema kwamba anadanganya. Neno hilo lingenitisha hata mimi. Nilichagua neno lenye adabu, nikalitumia mbele ya mke wangu, nikalitumia mbele ya daktari, na siku moja, kwa aibu ambayo bado sijui niiweke wapi, nikalitumia mbele ya dada mwenyewe. Sikuwa nimelitoa hewani. Nilikuwa na karatasi za maabara, zimepangwa kwa tarehe ndani ya jalada la kijani, na kila moja ilisema kwamba damu yake haina neno. Kazi yangu ni takwimu. Nilisomea chuo kikuu namna ya kuiuliza namba swali na kusikiliza jibu lake, na kwa karibu miaka ishirini na mitano nimeendesha maisha yangu kwa ujuzi huo. Kati ya karatasi yenye muhuri na mwanamke aliyekaa ukingoni mwa kitanda akiitazama mikono yake, sikuona ugumu wa kuchagua.

Dada yangu ni fundi cherehani. Amenizidi miaka mitano, na tangu alipofiwa na mumewe anakaa katika vyumba viwili vilivyo nyuma ya nyumba yangu, mlango wake ukitazamana na dirisha la jiko letu. Kwa miaka ishirini na miwili amefanya kazi katika karakana inayoshona sare za wauguzi, mashuka ya wodini na makoti meupe ya maabara. Miaka kumi na minne kati ya hiyo ameketi kwenye mashine ya matundu ya vifungo. Ni mashine isiyo na huruma: sindano huzunguka tundu kwa mishono ya kubana, kisha kisu kidogo hushuka chenyewe na kupasua kitambaa katikati. Fundi hubana kitambaa kwa kidole gumba na vidole viwili, akakitandaza sawasawa, na kukiondoa kabla ya kisu kushuka mara ya pili. Koti moja lina matundu sita. Wenzake humwita Pini, kwa sababu mbili ambazo hakuna asiyezijua pale kazini: pini zake huzichomeka kwenye ukosi wa gauni lake badala ya kwenye kimto cha pini, na ulimi wake ukikugusa utaruka.

Maradhi yalimwanza kwenye vidole. Alituambia asubuhi moja, akicheka, kwamba ameamka kama mtu aliyelala na glavu, na sasa glavu zimekataa kuvulika. Wiki ile ikapita. Baadaye glavu zikarudi, safari hii na viwiko, kisha magoti. Vifundo vya vidole vilivimba vikawa na joto la kugusika, ngozi ikang'aa kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, na kuanzia alfajiri hadi karibu na adhuhuri hakuweza kujifunga kitambaa cha kichwa wala kugeuza ufunguo. Hali hiyo ilidumu siku nne, mara nyingine tisa, kisha ikaondoka na kumwacha kama alivyokuwa. Akaibatiza jina: Mpangaji.

"Mpangaji amerudi," alimwambia mke wangu kupitia dirisha la jiko. "Kaja bila barua, kaingia na virago vyake vyote."

"Wifi, mfukuze."

"Nimfukuze kwa mguu upi?"

Mke wangu ndiye aliyemfunga vifungo siku hizo, na ndiye aliyemshikia kikombe. Mimi nilikuwa nikiondoka mapema kwenda ofisini na kurudi jioni, saa ambazo, kwa tabia ya ugonjwa ule, dada alikuwa tayari anatembea. Kwa hiyo niliyajua maumivu yake kwa kusimuliwa, na nafuu yake kwa macho.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Sitaki ionekane kwamba nilimtelekeza. Daktari, mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole kama mtu anayehesabu pumzi, alimpa tarehe ya kupimwa damu. Kipimo kikuu, alitueleza, ni cha kale na rahisi: damu huwekwa katika mrija mwembamba uliosimama wima, ikaachwa saa moja, kisha hutazamwa chembe nyekundu zimezama kwa kiasi gani. Mwili ukiwa na moto ndani yake, chembe huzama haraka. Kwa mwanamke wa umri wa dada, chini ya thelathini hakuna cha kutisha. Kulikuwa na kipimo kingine pia, kinachotafuta kama kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe, lakini hicho, alisema, wapo wagonjwa ambao hakiwaonyeshi kitu maisha yao yote. Tutautegemea mrija.

Siku ya kipimo dada alivaa gauni lililopigwa pasi, akazipanda ngazi saba za hospitali mbele yangu, akamtania karani wa dirishani. Jibu: kumi na nane. Miezi mitano baadaye: ishirini na mbili. Kisha kumi na sita. Kisha ishirini na tano, na nakumbuka kuona kwamba hata hiyo ilikuwa chini ya mstari. Kila mara daktari alivibonyeza vidole vyake kimoja kimoja, akavikuta vyembamba na baridi, akaandika.

Baada ya karatasi ya nne nilimfuata chumbani kwake. Alikuwa akikunja nguo. Nilizungumza kwa uangalifu mkubwa, kama ninavyozungumza na wakubwa wangu kazini ninapowaletea matokeo wasiyoyapenda.

"Dada, hii ni karatasi ya nne. Labda tunazidisha kidogo."

Aliendelea kukunja. "Tunazidisha? Wewe na nani?"

"Ninasema tu kwamba damu—"

"Nimekuuliza, wewe na nani? Maana mimi ndiye mwenye vidole, mdogo wangu. Wewe una karatasi. Ukitaka tubadilishane wiki moja, mimi nikae na karatasi."

Nilicheka, kwa kuwa alikuwa ameyasema kwa sauti ya mzaha. Hakucheka. Alimaliza kukunja shuka, akaliweka juu ya mengine, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nieleze jinsi siku zile za kupimwa zilivyokuwa zikipatikana, kwa sababu kosa lote limo humo. Hospitali hutoa tarehe kwenye kadi, miezi kadhaa mbele. Juu ya dirisha la maabara kulikuwa na kibao kilichosema damu hupokelewa hadi saa nne asubuhi. Mara tatu tarehe ya kadi iliangukia siku ambayo Mpangaji yumo nyumbani, na saa nne dada alikuwa bado hajaweza kushusha miguu kitandani. Mara zote tatu nilikwenda mimi, kwa moyo mweupe kabisa, nikasimama kwenye foleni, nikaomba tarehe nyingine. Kwetu ndivyo tulivyolelewa: mgonjwa hatolewi nje akiwa katika hali mbaya, watu wakamwona. Anasubiriwa apate nafuu, aoge, avae vizuri, ndipo apelekwe kwa daktari. Nilijiona ndugu mwema. Nakumbuka karani mmoja alinisifu kwa ajili hiyo, akasema laiti kila mgonjwa angekuwa na kaka kama mimi.

Mwaka wa tatu karakana ilipata meneja mpya. Alikuwa kijana wa mambo ya mpangilio, na jambo lake la kwanza lilikuwa kubandika ukutani hesabu ya kazi ya kila fundi kwa mwezi. Jina la dada lilikuwa mwishoni. Siku za Mpangaji alikuwa ama hafiki, ama anafika mchana, ama anafika na kuharibu. Makoti mawili yalikuwa yamepasuliwa na kisu hadi pembeni kwa sababu vidole havikuondoka kwa wakati. Barua ikaja. Mkataba wake ungekwisha mwisho wa mwezi uliofuata, na usingefanywa upya ila kwa cheti cha daktari chenye jina la ugonjwa. Akikileta, angehamishiwa meza ya ukaguzi, ambako nguo zilizokwisha kushonwa hugeuzwa na kutazamwa kasoro. Asipokileta, wangemshukuru kwa miaka yake.

Tulikwenda kwa daktari na barua ile. Damu ikapimwa mara ya tano. Kumi na tisa.

"Mama," daktari alisema, "siwezi kuandika jina la ugonjwa ambao siuoni. Si kwamba sikuamini."

"Huyu haniamini," dada akasema, akinionyesha kwa kidevu, "na bado ananileta kwa gari. Kwa hiyo wewe pia niandikie tu, kuamini utaamini baadaye."

Daktari alitabasamu lakini hakuandika. Ndani ya gari dada alikaa, mikono imelala mapajani, myembamba, haina dalili yoyote. Nilipoitazama nilijikuta, Mungu anisamehe, nikiikasirikia kwa kutotoa ushahidi.

Siku nne baada ya hapo nilikuwa ofisini nikipitia ripoti ya idara ya barabara. Walikuwa wamehesabu magari na kupima hali ya njia moja kwa mwaka mzima, na matokeo yao yalisema njia hiyo haijai maji. Mimi naifahamu njia hiyo; kila masika hugeuka mto. Nilimwita mwenzangu aliyeiandaa, mama mtu mzima anayejua kazi yake, nikamuuliza.

"Watu wetu hawatoki kwenye mvua," akasema. "Mvua ikinyesha wanaahirisha, wanakwenda siku ikianuka."

"Yaani mmepima siku za jua tu," nikasema kwa ukali, "halafu mnaniambia barabara haijai maji?"

Akaanza kujitetea. Sikumsikia. Nilibaki nimeshika kalamu, na nadhani aliniona nikibadilika, kwa sababu aliuliza kama ninajisikia vibaya. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Nimelifundisha kwa waajiriwa wapya si chini ya mara kumi, na kila mara nimetumia mfano wa kuchekesha ili wasilisahau. Na kwa miaka mitatu nilikuwa nimekwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kwenye dirisha la hospitali, kuhakikisha kwamba damu ya dada yangu haipimwi ila siku za jua.

Sikusubiri jioni. Nilikwenda moja kwa moja maabara na kumwuliza karani: je, mgonjwa akizidiwa siku isiyo ya kadi, na asiweze kufika kabla ya saa nne?

"Kipimo gani?"

Nikamwambia.

"Hicho? Hicho hata saa tisa mlete. Saa nne ni kwa wale wa sukari, wanaotakiwa waje na njaa."

"Lakini kibao hakisemi hivyo."

Aliinua macho akakitazama kibao kana kwamba hajawahi kukiona. "Eh, kweli. Lakini si mngeuliza, mzee?"

Daktari naye, nilipomkuta mlangoni akitoka, alisikiliza hadi mwisho na kuvua miwani. "Mimi nilidhani ndizo siku mnazokuja," alisema. "Nilidhani hizo ndizo siku zake mbaya." Alirudi ndani, akajaza fomu na kuacha nafasi ya tarehe wazi. "Jazeni wenyewe. Siku hiyo hiyo, saa yoyote. Msimpe dawa ya maumivu kwanza."

Zilibaki siku ishirini na tatu hadi mwisho wa mkataba.

Ndipo kikaanza kipindi ambacho sijui nikiiteje. Tulikuwa tukiungoja ugonjwa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niligonga mlango wa dada.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Vidole?"

"Vizuri tu, samahani."

Aliomba radhi kwa kuwa mzima. Siku ya tano alianza kufua mablanketi kwa maji ya baridi, akiamini kwamba baridi humwita Mpangaji. Mke wangu akamnyang'anya beseni. Siku ya tisa alisema huenda mdogo wake yuko sahihi, huenda hakuna kitu, huenda ni uzee na uvivu uliojificha. Alilisema bila mzaha, akiwa amenipa mgongo, na nilitamani angenitukana. Kazini alikuwa akishona vizuri. Hesabu yake ukutani ilipanda. Meneja, kwa nia njema, alimpongeza, akamwambia kumbe akiamua anaweza.

Siku ya kumi na nne nilikuwa nikinyoa ndevu. Mke wangu alikuja mbio kutoka uani.

"Amerudi! Mpangaji amerudi! Njoo upesi uone!"

Alikuwa amefurahi. Kisha akajisikia, akajiziba mdomo kwa mkono.

Dada alikuwa amelala chali, mikono yote miwili imewekwa juu ya mto kama vitu vya kuazima. Nilikuwa sijawahi kuiona asubuhi. Hilo ndilo lililonipiga. Viganja vilikuwa vimejaa hata mistari yake ikapotea. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilisimama peke yake, hakikunjiki. Goti la kushoto lilikuwa limepoteza umbo la goti. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na bado alipata nguvu ya kunitazama kwa namna yake.

"Haya, bwana hesabu. Anza kuhesabu."

"Tunakwenda sasa hivi."

"Nioge kwanza."

"Hapana."

"Kitambaa basi. Sitoki nje kichwa wazi kama niliyefumaniwa."

Mke wangu akamfunga kitambaa. Alitaka kumpaka na mafuta usoni, nikakataa. Nilikataa kwa sauti kubwa, nikieleza kwamba aonekane alivyo, na dada akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umefurahi, eh?" akasema. "Miaka yote hii sijakuona na furaha hivi nikiwa kitandani."

Niliingiza mkono chini ya mgongo wake, nikamkalisha.

Kutoka kitandani hadi kwenye gari tulitumia nusu saa. Kila hatua alisema "ngoja," na tukangoja. Majirani wawili walisimama kutazama, na nilimhisi akijaribu kunyoosha mgongo kwa ajili yao. Hospitali nilitafuta kiti cha magurudumu. Kimoja tu kilikuwa huru, gurudumu lake moja likilia, kwa hiyo kila aliyekuwa kwenye ukumbi aligeuka. Dada aliweka mikono chini ya mtandio. Nilitaka kumwambia aitoe, watu waione, kisha nikajiuliza ni kwa ajili ya nani hasa ninataka ionekane.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimfunga mpira juu ya kiwiko.

"Haya mama, kunja ngumi."

"Baba, ningeweza kukunja ngumi nisingekuja hapa."

Akaitazama ile mikono. Hakusema pole. Alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo katika safari zetu tano hakuna aliyelifanya, akasema, "Basi iache. Mshipa nitautafuta hivyo hivyo." Ulikataa mara mbili. Mara ya tatu damu ikaingia kwenye kichupa. Dada hakuitazama sindano wala damu. Alikuwa akinitazama mimi.

Tukasubiri ile saa moja ya mrija, kisha na nyingine ya foleni ya majibu. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, mimi kwenye benchi, na kando yangu mwanamke mmoja na mtungi wa chai.

"Ikija kumi na nane je?" dada akauliza.

"Haitakuja."

"Wewe ndiye uliyekuwa unasema namba hazina upendeleo. Ikija?"

"Dada, haitakuja."

"Ikija kumi na nane, usinifariji. Nirudishe nyumbani, halafu unionyeshe mahali pa kuweka saini kwenye hiyo barua ya kunishukuru. Na usiseme kitu kwenye gari."

Nilikubali. Nadhani ni ahadi ngumu kuliko zote nilizopata kumpa mtu, na sikuwa na hakika kama ningeweza kuitimiza, kwa kuwa sehemu ndogo ndani yangu, ile iliyofunzwa, ilikuwa bado inajiambia kwamba lolote linawezekana hadi karatasi itoke.

Karatasi ikatoka. Niliisoma nikiwa nimesimama dirishani, kisha nikaisoma tena nikimwendea.

"Tisini na nne."

"Soma tena."

"Tisini na nne, dada."

"Ni nyingi?"

"Ni nyingi sana."

Alifumba macho. "Asante Mungu," akasema, kwa sauti iliyosikika mbali. Yule mwanamke wa mtungi akamgeukia kwa uso mkunjufu.

"Hongera, mama! Umepona?"

"Hapana, mwanangu," dada akajibu. "Nimeugua."

Ndipo akaanza kulia, na kwa kuwa hakuweza kuinua mikono kujifuta, nilimfuta mimi kwa leso yangu, vibaya, kama mtu anayefuta meza.

Daktari aliivua mikono ile mtandio mwenyewe. Aliibonyeza kidogo tu, akaacha. Akaagiza picha ya mifupa, ambayo hakuwa ameiagiza kabla kwa sababu, alisema wazi, hakuwa ameona sababu. Tulitazama picha ile kwenye ubao wa taa. Kwenye vifundo vya vidole viwili vya kulia, cha shahada na cha kati, mifupa ilikuwa imeng'atwa pembeni, kama mkate uliofikiwa na panya.

"Hii ni baridi yabisi, ile inayotokana na kinga ya mwili," alisema, akiandika. "Dawa ipo, na itailinda mikono iliyobaki. Lakini palipoliwa hapaoti tena. Vidole hivi viwili havitarudi kukunjika vizuri."

"Pameliwa tangu lini?" nikauliza.

"Siwezi kukutajia siku. Kwa picha hii, ningesema mwaka mmoja, labda na nusu. Uharibifu kama huu hauji kwa wiki mbili."

"Tungekuja mapema..."

Daktari alinitazama, akamtazama dada, akachagua kuendelea kuandika. Cheti kilipigwa muhuri. Dada alikiomba kabla yangu, akakilaza mapajani na kukisoma kwa muda mrefu, midomo ikitembea, hasa kwenye ule mstari wenye jina la ugonjwa. Alinipa nikiweke kwenye jalada la kijani. "Mbele," akasema. "Mbele ya zile nyingine."

Meneja alikipokea siku mbili kabla ya mwisho wa mkataba, akatimiza neno lake. Dada sasa yuko meza ya ukaguzi. Anageuza makoti, anakata nyuzi zilizobaki, anabandika kipande cha utepe mwekundu palipo na kasoro, na wenzake wanasema ulimi wa Pini umepata kazi ya kudumu. Dawa yake ni ya mara moja kwa wiki, nayo ina ukali wake: siku inayofuata hali kitu, na nywele zimepungua. Kila mwezi damu yake hupimwa ili ini lichungwe, siku mbaya na siku nzuri, bila kuahirisha. Mpangaji hajahama, huja mara chache na hakai sana. Vidole viwili vimebaki kama daktari alivyosema. Kikombe hukishika kwa viganja.

Nimemwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza alinikatiza kwa kuniuliza habari za watoto. Mara ya pili alisema, "Uliniamini ulipoona. Wengi wanaona na bado hawaamini." Sikujua kama ni msamaha au ni hesabu nyingine. Nilijiambia kwamba angalau jambo lilikuwa limefika mwisho wake kwa sababu zinazoeleweka: kibao kilichoandikwa vibaya, tarehe za kadi, desturi yetu ya kumficha mgonjwa, na ujinga wangu mimi mwenye shahada. Yote hayo yalimchelewesha, nikajiambia, na yeye hakuwa na la kufanya.

Miezi saba baadaye nilikwenda kumchukua kazini. Mvua ilikuwa imeanza, na langoni nilisimama pamoja na msimamizi wa zamu aliyekuwa akistaafu wiki ile, mzee mwenye kanda ya kupimia shingoni hata akiwa anakwenda nyumbani. Tulimtazama dada kupitia dirishani, akiwa mezani, akimfokea mtu kuhusu ukosi.

"Pale ndipo mahali pake," mzee akasema. "Nilimwambia zamani, akanikatalia."

"Meneja alitaka cheti."

"Huyu meneja, ndiyo. Mimi nasema kabla yake. Wakati ule kuhamisha mtu ilikuwa kauli yangu tu, hakuna karatasi. Niliona vidole vyake asubuhi moja, nikamwambia, Pini, inuka, kesho kaa meza ya ukaguzi, mimi nimemaliza. Akasema hapana."

"Kwa nini?"

"Alisema hahami kwa kuhurumiwa. Alisema nimwache kwenye mashine mpaka damu yake ionekane, kwa sababu akihama kabla, kaka yake atasema aliigiza." Mzee akanigeukia, akiwa na uso wa kirafiki kabisa. "Wewe ndiye huyo kaka, au kuna mwingine?"

Nilimwuliza ilikuwa lini. Alifikiri, akakumbuka kwamba ilikuwa mwezi ule walioshona mashuka ya wodi mpya, akanitajia mwezi na mwaka. Kuanzia mwezi huo hadi siku ya cheti ilikuwa miezi kumi na saba, ule mwaka na nusu wa daktari kasoro mwezi mmoja.